Seva ya nyumbani imegoma kugawa anwani za IP: kutoka dalili hadi chanzo

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeiondolea ruta kazi ya kugawa anwani za IP na kuikabidhi seva yake ya nyumbani: Raspberry Pi, kompyuta ya zamani yenye Debian au Ubuntu, au kifaa chenye Pi-hole (programu ya kuzuia matangazo). Huduma hiyo ndiyo DHCP. Inapofanya kazi hakuna anayeikumbuka. Inapokwama, nyumba nzima inalalamika kwamba Wi-Fi imekufa, ingawa Wi-Fi yenyewe ni nzima kabisa.

Kabla hujagusa amri yoyote, shika jambo moja: anwani ambayo kifaa kimeipata, hata ikiwa ya ovyo, ndiyo ushahidi wako wa kwanza. Wengi hukimbilia faili la mipangilio, wakabadilisha mistari mitano kwa mpigo, kisha wakashindwa kujua ni upi ulioharibu na ni upi uliotengeneza. Soma anwani kwanza. Itakuonyesha ni nani aliyejibu, au kwamba hakuna aliyejibu.

## Nyumba ya mfano

Ruta iko 192.168.1.1, seva iko 192.168.1.10, na fungu la anwani za kugawa ni kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200. Programu ni dnsmasq, aliyoiandika Simon Kelley. Naipendekeza kwa nyumba kwa sababu ni nyepesi, faili lake linasomeka bila mateso, na ndiyo iliyomo ndani ya Pi-hole. Mwenye Kea, programu nyingine ya DHCP, atakuta dalili zilezile, majina ya mafaili tu ndiyo tofauti. Kuhusu ISC DHCP ya zamani, waandishi wake waliacha kuitunza mwishoni mwa 2022, kwa hiyo kama unaanza leo usianzie huko. Faili la mipangilio ya dnsmasq katika nyumba hii ni hili:

```
interface=eth0
dhcp-range=192.168.1.100,192.168.1.200,255.255.255.0,12h
dhcp-option=option:router,192.168.1.1
dhcp-option=option:dns-server,192.168.1.10
dhcp-authoritative
log-dhcp
```

Mazungumzo kati ya kifaa na seva ni ya ujumbe nne. Kifaa hutangaza kwa mtandao mzima kwamba kinatafuta anwani (DHCPDISCOVER). Seva hupendekeza moja (DHCPOFFER). Kifaa huiomba rasmi (DHCPREQUEST), na seva huthibitisha (DHCPACK). Yote hupita kwa UDP, seva ikisikiliza kwenye poti 67 na kifaa kwenye poti 68. Mstari wa `log-dhcp` hukuandikia kila hatua, nawe unazisoma hivi:

```
sudo journalctl -u dnsmasq -f
```

Anwani hukodishwa kwa muda, haitolewi moja kwa moja. Nusu ya muda ikifika, kifaa humrudia aliyekikodisha kuomba nyongeza; kikikosa jibu, kinapofikia asilimia 87.5 ya muda huanza kumwomba yeyote aliyepo. Ndiyo maana kosa la leo asubuhi linaweza kujitokeza usiku, na ndiyo maana huwezi kusema marekebisho yamefaulu mpaka uvilazimishe vifaa viombe upya.

## Kabla ya kuanza: mahali ambapo hupaswi kujaribu

Usiwashe DHCP yako kwenye mtandao unaotumiwa na wengine: ofisini, hosteli, au jengo la wapangaji lenye intaneti moja ya pamoja. Seva yako itawajibu majirani pia, na watu ambao hawakujui watapoteza intaneti kwa sababu yako. Fanya kazi hii nyuma ya ruta yako mwenyewe tu.

Usiirudishe ruta ya mtoa huduma kwenye hali ya kiwandani kwa kubonyeza kile kitundu cha nyuma. Mara nyingi ndani yake kuna mipangilio ya kuunganisha na mtoa huduma ambayo wewe huna, na ukiifuta utabaki bila intaneti mpaka fundi wao aje.

Halafu jiwekee njia ya kurudi. Ukishazima DHCP ya ruta na seva ikakataa, hakuna kifaa kitakachopata anwani, hata kile unachotaka kukitumia kutengeneza. Chukua kompyuta moja yenye kebo, iandikie kwa mkono anwani 192.168.1.50, barakoa (subnet mask) 255.255.255.0 na lango (gateway) 192.168.1.1. Kwa hiyo utaingia kwenye ruta na kwenye seva hata kama DHCP imekufa kabisa.

## Anwani inasema nini?

Kwenye Windows andika `ipconfig /all`, kwenye Linux `ip a`, na kwenye simu gusa jina la Wi-Fi ufungue maelezo yake.

- Inaanza na 169.254: kifaa kiliuliza, hakikujibiwa, kikajipa anwani chenyewe. Nenda "Vifaa havipati anwani".
- Ni anwani ya kweli lakini nje ya 100 hadi 200 (nawe hukuitenga wala kuiandika kwa mkono), au ya mtandao mwingine kabisa: kuna mgawaji wa pili wa anwani nyumbani. Nenda "Wagawaji wawili".
- Iko ndani ya 100 hadi 200 lakini hakuna intaneti: DHCP imefanya kazi yake, ila imetoa maelekezo mabaya. Nenda "Anwani ipo, intaneti hakuna".

Kama huduma yenyewe haitaki kuwaka, anzia hapa chini.

## Huduma haiwaki

`sudo systemctl status dnsmasq` inaonyesha maandishi mekundu. Kabla ya dhana yoyote, iambie programu ijisome:

```
sudo dnsmasq --test
```

Ikijibu `syntax check OK`, uandishi ni sahihi. Kama kuna kosa itakutajia mstari. Koma iliyosahaulika ndiyo huonekana zaidi. Jina la kadi ya mtandao lililokosewa jaribio hili halilikamati, kwa hiyo lihakiki mwenyewe. Kompyuta nyingi za sasa haziiti kadi yao eth0 bali enp3s0 au jina linalofanana na hilo, na `ip link` itakuonyesha lako.

Sababu inayofuata kwa wingi, hasa kwenye Ubuntu, ni ujumbe huu:

```
failed to create listening socket for port 53: Address already in use
```

Wengi hushangaa, maana waliwasha DHCP, nayo inalalamikia poti ya DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ni kwa sababu dnsmasq hufanya kazi zote mbili, na Ubuntu tayari ina systemd-resolved inayosikiliza kwenye 127.0.0.53. Tazama aliyekalia:

```
sudo ss -lunp | grep -E ':(53|67)'
```

Dawa nyepesi ni kuongeza `bind-dynamic` kwenye mipangilio, ili dnsmasq ishike anwani za kadi uliyoitaja badala ya kujaribu kushika zote. Mstari huohuo husaidia pale seva inapoendesha mashine pepe, kwa kuwa libvirt, programu inayoziendesha, nayo huwasha dnsmasq yake ya pembeni. Kuna wanaochagua `port=0` kuzima kabisa upande wa DNS. Ni njia halali, ila ina mtego: ukifanya hivyo, dnsmasq haitajitaja tena kuwa DNS kwa vifaa, kwa hiyo lazima ule mstari wa `dns-server` uelekeze kwenye DNS nyingine inayofanya kazi.

Usisakinishe dnsmasq pembeni ya Pi-hole. Zitagombania poti zilezile. Pi-hole kuanzia toleo la 6 huhifadhi mipangilio yake kwenye `/etc/pihole/pihole.toml`, na haisomi `/etc/dnsmasq.d` mpaka uiruhusu, kwa hiyo ushauri wa zamani wa kuweka faili lako humo hautaleta mabadiliko yoyote.

Na ukiona `cannot open or create lease file`, angalia kama diski imejaa (`df -h`) au kama mfumo wa mafaili umejifunga usiandikwe. Kwenye Raspberry Pi hiyo ni dalili ya kadi ya SD inayokufa, hasa mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa. Simama hapo. Usijaribu kuikarabati kadi kabla ya kunakili kilichomo. Toa nakala, nunua kadi mpya, uhamie.

## Vifaa havipati anwani: 169.254, au "inapata anwani ya IP" bila kumaliza

Huduma inawaka, lakini simu inazunguka tu. Anza na vya kushikika kwa mkono: kebo ya seva imeingia vizuri? Taa za poti zinawaka? Imechomekwa kwenye poti za LAN za ruta (za vifaa vya ndani), au imeingia kwenye ile ya WAN (ya mtoa huduma)? Nimeona watu wakipoteza jioni nzima kwa kebo iliyochomekwa shimo la jirani.

Kisha hakiki kwamba seva yenyewe ina anwani ya kudumu, tena ya mtandao uleule unaougawa. Hili ndilo kosa kubwa la programu katika dalili hii. Seva ikiwa haina anwani, kumbukumbu (zile za `journalctl`) zitasema `DHCP packet received on eth0 which has no address`. Ikiwa nayo lakini ni ya mtandao mwingine, mathalani 192.168.0.10 wakati unagawa 192.168.1.x, utaona `no address range available for DHCP request via eth0`. Sentensi hiyo huwafanya watu wadhani anwani zimekwisha. Hazijaisha, dnsmasq haioni fungu linalolingana na kadi iliyopokea ombi.

Kwenye Raspberry Pi OS kuna jambo linalowakwamisha wengi. Maelekezo mengi yanayozunguka yanakwambia uandike anwani kwenye `/etc/dhcpcd.conf`. Tangu toleo la Bookworm la 2023, mfumo huo unatumia NetworkManager, na utakachoandika mle hakisomwi. Tumia hivi, ukianza kwa kupata jina la muunganisho wako kwa `nmcli con show`:

```
sudo nmcli con mod "Wired connection 1" ipv4.method manual \
  ipv4.addresses 192.168.1.10/24 ipv4.gateway 192.168.1.1 \
  ipv4.dns 1.1.1.1
sudo nmcli con up "Wired connection 1"
```

Bado kimya? Sasa tega sikio kwenye waya wenyewe. Acha amri hii ikiendelea, kisha zima na uwashe Wi-Fi ya simu:

```
sudo tcpdump -ni eth0 port 67 or port 68
```

Hapa ndipo penye faida kubwa, kwa hiyo soma polepole. Amri ya `tcpdump` huona ujumbe unaoingia kabla ukuta wa moto (firewall) wa seva haujauzuia. Kwa hiyo ukiulinganisha na `journalctl` utajua ujumbe unapotea wapi.

Kama `tcpdump` inaonyesha DISCOVER inaingia, lakini `journalctl` haina neno lolote, ukuta wa moto ndio unaozuia. Ruhusu, na usisahau DNS:

```
sudo ufw allow in on eth0 to any port 67 proto udp
sudo ufw allow in on eth0 to any port 53
```

Kwa wanaotumia firewalld ni `sudo firewall-cmd --permanent --add-service=dhcp`, ikifuatiwa na `--reload`. Waliohama kutoka ISC DHCP hushangazwa na hili, kwa kuwa ile hupokea ujumbe kwa njia inayoupita ukuta wa moto, dnsmasq haifanyi hivyo.

Kama hata `tcpdump` haioni kitu, ombi halifiki kwenye seva. Tatizo liko kati ya simu na seva. Mara nyingi simu iko kwenye Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta huitenga na mtandao wa ndani kwa makusudi, au ruta ina kipengele cha kuzuia vifaa vya Wi-Fi visionane. Jaribu kompyuta yenye kebo: ikipata anwani na simu ikakosa, umeshajua kwamba kosa ni la upande wa Wi-Fi.

Kama unaona DISCOVER, OFFER, DISCOVER, OFFER bila kukoma, seva inajibu lakini kifaa hakisikii, au kinasikia na kumchagua mwingine. La pili ndilo la kawaida zaidi. Soma sehemu ya wagawaji wawili.

Kwa wanaoendesha huduma hii ndani ya kontena la Docker: tangazo la DHCP halivuki daraja la kawaida la Docker. Kufungua poti 67 peke yake hakutoshi. Iendeshe kontena kwa `network_mode: host`, na uipe uwezo wa `NET_ADMIN`.

Mwisho kabisa, kama kumbukumbu zinasema `no address available`, hapo kweli fungu limejaa. Kuanzia 100 hadi 200 kuna anwani 101. Nyumba ya kawaida haizimalizi haraka, lakini yenye wageni wengi au duka dogo mbele huweza. Hesabu zilizokodishwa kwa `wc -l /var/lib/misc/dnsmasq.leases`, panua fungu lianzie 51, au punguza saa 12 ziwe mbili.

## Wagawaji wawili

Ikiwa utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Matatizo mengi yanayoripotiwa kama "DHCP yangu inafanya kazi siku nyingine na siku nyingine haifanyi" hayana uhusiano na mipangilio ya seva. Kuna mgawaji mwingine, na kila kifaa kinachukua jibu la aliyewahi. Simu ya baba inapata sahihi, televisheni inapata ya ajabu, kesho zinabadilishana.

Kwenye Windows, `ipconfig /all` ina mstari wa `DHCP Server` unaomtaja aliyetoa anwani. Kwenye kumbukumbu za dnsmasq utaona `DHCPNAK` (seva inakataa ombi) yenye maneno `wrong server-ID` au `wrong network`. Ili kumtafuta kwa uhakika, tumia kompyuta nyingine yenye Linux:

```
sudo nmap --script broadcast-dhcp-discover -e eth0
```

Kila anayejibu atatajwa kwa `Server Identifier`. Jibu linapaswa kuwa moja, 192.168.1.10.

Mshukiwa wa kwanza ni ruta kuu, ambayo DHCP yake haikuzimwa, au ilizimwa bila kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, au ilijirudisha baada ya mtoa huduma kusasisha programu yake akiwa mbali. Ingia, zima, hifadhi, iwashe upya, kisha rudi uhakikishe.

Wa pili ni ruta ya zamani inayotumika kusambaza Wi-Fi chumba cha nyuma au kwenye banda la uani. Hii ni kawaida sana kwetu, na si wazo baya, ila inataka kupangwa: zima DHCP yake, ibadilishie anwani yake iwe 192.168.1.2, na kebo kutoka ruta kuu iingie kwenye poti ya LAN, si ya WAN. Usiruke hatua ya kubadilisha anwani. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa 192.168.1.1, na mbili zenye anwani hiyo kwenye waya mmoja zitakuletea kizaazaa ambacho hakuna DHCP itakayokitatua.

Wa tatu unamtambua kwa namba. Ukiona 192.168.137.x, kuna kompyuta ya Windows inayogawa intaneti yake. Ukiona 192.168.122.x, ni mashine pepe za libvirt. Ukiona 172.20.10.x, kifaa hakiko kwenye mtandao wako kabisa, kimeunganishwa na iPhone ya mtu.

Kuna ruta za watoa huduma ambazo hazikuruhusu kuzima DHCP. Usipambane nazo kwa kutafuta nywila za siri; kifaa ni chao. Waombe wakuzimie, au weka ruta yako nyuma ya yao na seva ifanye kazi nyuma ya hiyo yako. Kupunguza fungu la ruta yao hadi anwani moja husaidia kidogo, lakini kutakuachia kifaa kimoja kinachopotea kila mara.

Simama na utafute msaada kama mgawaji wa pili ni kifaa usichokitambua na kinatoa DNS ngeni ambayo si ya ruta, si ya seva wala si ya mtoa huduma wako. Mtu anayekupangia DNS anaweza kukupeleka kwenye kurasa bandia za benki. Usifanye miamala kwenye mtandao huo. Tumia `ip neigh` kupata anwani yake ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), chomoa kebo moja moja kwenye ruta mpaka atoweke, kisha mpe fundi unayemwamini akague.

## Anwani ipo, intaneti hakuna

Jaribio la kwanza linakata shauri mara moja. Andika `ping 1.1.1.1`, halafu `ping` ya jina lolote la tovuti.

Namba nayo ikigoma, angalia lango. Kwenye Linux `ip route` inapaswa kusema `default via 192.168.1.1`. Ikisema `via 192.168.1.10`, umesahau mstari wa `option:router`. Usipoiambia lango ni lipi, dnsmasq hujitaja yenyewe, na vifaa vyote humpelekea seva safari zake, naye hajui aende nazo wapi. Huduma inaonekana nzima, anwani ni nzuri, kumbukumbu hazina kosa, na hakuna ukurasa unaofunguka. Ni moja ya dalili zinazochosha sana kwa asiyeijua.

Namba ikijibu lakini jina likagoma, ni DNS. Hakiki kwamba poti 53 imeruhusiwa kwenye ukuta wa moto, na kwamba hukubaki na `port=0`. Kisha tazama `/etc/resolv.conf` ya seva: kama ina 127.0.0.1 peke yake, dnsmasq haina wa kumuuliza. Ongeza `no-resolv` na `server=1.1.1.1`. Ikiwa ni simu moja tu ya Android inayosumbua, fungua mipangilio ya Private DNS uone kama kuna anwani iliyoandikwa kwa mkono.

Kwa wenye Pi-hole wanaolalamika kwamba matangazo bado yanapita: mara nyingi ruta inaendelea kutangaza DNS yake kupitia IPv6 (mfumo mpya wa anwani), upande ambao seva yako haikuugusa.

## Ilifanya kazi, halafu ikafa

Kama ilikufa saa kadhaa baada ya kuzima DHCP ya ruta, rudi kwenye anwani ya seva. Seva iliyokuwa imekodi anwani yake kutoka kwa ruta itaendelea vizuri mpaka mkataba uishe, kisha itaipoteza, na nyumba nzima itafuata.

Kama ilikufa baada ya umeme kukatika au LUKU kuisha, angalia kwanza kama huduma imepangwa kujiwasha: `sudo systemctl enable dnsmasq`. Halafu tafuta `unknown interface eth0` kwenye kumbukumbu za kuwaka. Maana yake dnsmasq iliamka kabla kadi ya mtandao haijawa tayari. Wenye `bind-interfaces` hupatwa zaidi. Ibadilishe iwe `bind-dynamic`, ambayo husubiri kadi itokee.

Saa nayo ina mchango. Raspberry Pi zilizotangulia ya 5 hazina saa yenye betri, na ya 5 inayo saa ila betri unanunua mwenyewe. Faili la mikataba huandika mwisho wa kila mkataba kwa sekunde, kwa hiyo seva iliyoamka na saa ya nyuma kisha ikarukia saa sahihi inaweza kuona mikataba yote imekwisha. Vifaa vya nyumbani kwa kawaida hujirekebisha. Kama hali hiyo inajirudia, UPS ndogo ya ruta na seva ni matumizi bora ya fedha kuliko kuhangaika na mipangilio.

## Anwani zinagongana, au uliyoitenga haifuatwi

Windows inasema kuna mgongano wa anwani, au kamera inaonekana na kutoweka. Mara nyingi kuna kifaa kilichoandikiwa anwani kwa mkono ndani ya fungu unalogawa. Kamera za ulinzi ndizo huongoza: za Dahua hutoka kiwandani na 192.168.1.108, ambayo iko ndani kabisa ya fungu letu la mfano. Za Hikvision hutumia 192.168.1.64. Kabla ya kutoa anwani, dnsmasq huipigia `ping` kuona kama ina mtu, lakini kamera iliyokuwa imezimwa wakati huo haiwezi kujibu. Anzisha fungu lako mahali pengine, au itengee kamera anwani:

```
dhcp-host=00:11:22:33:44:55,192.168.1.20,kamera-geti
```

Anwani iliyotengwa si lazima iwe ndani ya 100 hadi 200, ilimradi iwe ya mtandao uleule. Baada ya kuandika, tumia `sudo systemctl restart dnsmasq`. Kuiambia `reload` hakusomi upya faili kuu la mipangilio. Ukitaka kufuta mkataba wa zamani, zima huduma kwanza, hariri faili la mikataba, ndipo uwashe.

Simu ikikataa kufuata anwani uliyoitengea, tazama MAC yake. Tangu Android 10 na iOS 14, simu hutumia MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi. Unaitambua kwa herufi ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, ni ya kubuni. Kwenye mtandao wa nyumbani kwako, ingia kwenye maelezo ya Wi-Fi hiyo uchague MAC halisi ya simu. Kwenye Wi-Fi za mitaani iache ilivyo, inakulinda.

## Wakati wa kuita fundi, na umpe nini

Usiguse wala kuchungulia ncha ya kebo ya nyuzi inayoingia kwenye kifaa cha fiber. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Ikikatika au ikikunjwa, mpigie mtoa huduma.

Baada ya radi, kama poti za ruta au swichi hazitoi mwanga hata kwa kebo nyingine, au kuna harufu ya kuungua, chomoa umeme na uache. Vilevile kebo ya shaba iliyovutwa nje kutoka nyumba moja hadi nyingine ni kazi ya fundi anayejua masuala ya ardhi ya umeme. Ukihisi inakupiga shoti, usiishike tena.

Kwa mengine yote, ukifika mwisho bila jibu, kusanya vitu hivi kabla ya kumwita mtu: `ip a` na `ip route` za seva, faili lako la mipangilio, `ipconfig /all` ya kifaa kimoja kinachogoma na kimoja kinachofanya kazi, dakika moja ya `tcpdump` wakati kifaa kinaomba, na mistari ya `journalctl` ya dakika hiyohiyo. Fundi mzuri akiwa na hivyo huweza kukwambia kosa kwa simu, na kama hawezi, atafika akijua aanzie kwenye kebo gani.